Wakuu, chanjo ya homa ya ini B kwa wanafunzi wa sekondari: tunaanzaje, na je wanaihitaji kweli?

#1 Mwl_wa_Rau
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwalimu wa baiolojia kwenye sekondari ya kutwa hapa Moshi, na dawati la afya la shule liko mikononi mwangu. Mwaka jana kijana wangu mmoja aliemaliza kidato cha sita, miaka 19, alienda kuchangia damu na wenzake. Wiki kadhaa baadae akaitwa, akaambiwa damu yake haiwezi kutumika, ina virusi vya homa ya ini B. Alikuja nyumbani kwangu usiku na kile kikaratasi amekikunja mara nne, akakifungua mezani akaniuliza "mwalimu, hii ndo nakufa?" Sikuwa na jibu la maana siku ile na inaniuma mpaka leo.

Sasa kamati ya wazazi imesikia, wanataka shule ianzishe utaratibu wa kuchanja wanafunzi, na iwe kila mwaka sio siku moja tu ya kupiga picha. Kikao ni Jumamosi ijayo na mimi ndo natakiwa kuja na mpango. Naomba msaada: naanzia ofisi gani, wapimwe kwanza au wachanjwe tu, dozi ngapi, na wazazi nawaambiaje. Na kuna swali halinipi usingizi, huyu kijana kazaliwa 2006, wakati chanjo ya watoto ishakuwepo. Amepataje?

#2 Sombetini_Finest
Mwalimu hiyo ni kazi ya bure. Chanjo ya homa ya ini ipo kwenye kliniki za watoto nchi nzima tangu 2002. Hao wa kidato cha kwanza walioingia juzi wamezaliwa 2012, 2013, wanayo tayari mwilini. Hela za wazazi jengeni choo.

#3 Baba_Gift_Majengo
Mimi ni mzazi na nasema wazi siko tayari. Kila mwaka sindano mpya kwa watoto wetu, ilianza ya wasichana, ile ya saratani ya mlango wa kizazi, sasa hii. Huko kwa wazungu mbona hatusikii wanachanja vijana wao shuleni? Nina binti mmoja tu, nani atanihakikishia atazaa?

#4 Mama_Ndeshi
Mwalimu pole kwa huyo kijana. Nimefanya kliniki ya mama na mtoto miaka 31 kabla ya kustaafu, huku Marangu na kwingine, nitaandika kwa kirefu mnivumilie.

Sombetini mwanangu yuko sahihi nusu. 2002 homa ya ini iliunganishwa na ile ya donda koo, pepopunda na kifaduro, ikawa nne ndani ya moja. 2009 ikaongezwa ya kuzuia homa ya uti wa mgongo na kichomi, zikawa tano, ndo hiyo tunaita penta. Mtoto anachomwa pajani wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Aliepata zote tatu hahitaji kuchanjwa tena akiwa kijana, hata Shirika la Afya Duniani halisemi arudie. Ukimpima damu unaweza kukuta kingamwili zimeshuka sana mpaka ukashtuka, lakini mwili unakumbuka, virusi vikiingia unazitengeneza upya haraka.

Nusu nyingine iliyobaki ni hii. Ratiba kuwa ukutani sio sawa na dawa kuwa pajani. Nimeona mama anakuja penta 1, anakuja penta 2, ya tatu mvua za masika zimekata njia, au kahamia Mererani kwa mume, hatumwoni tena. Nimeona pia wa kule milimani ambao hawakuja kabisa. Kwahiyo mwalimu kabla hujaongelea sindano ongelea KADI. Wanafunzi wote walete kadi ya kliniki. Alie na penta zote tatu, weka pembeni, huyo kashamaliza. Alie na mbili anamaliziwa moja tu, haanzi upya. Asie na kadi kabisa, hapo ndo kazi yako ilipo.

#5 Chalii_Ngarenaro
Shikamoo mama. Afu mimi ni muongoza watalii mlimani, nilichomwa kabla ya safari ya nje nikapewa ile kadi ya njano. Si ndo hiyo hiyo? Maana sindano ilikua moja tu, mbona hapa mnasema tatu

#6 Binti_Kibosho
Hapana kaka, hiyo ni homa ya MANJANO, inaenezwa na mbu. Hapa tunaongelea homa ya INI. Watu wanachanganya kwa sababu mgonjwa wa ini macho yanakuwa ya njano. Ya manjano unachomwa mara moja na tangu 2016 cheti chake kinatambulika maisha yote. Ya ini B ni dozi tatu na ile kadi yako haihusiki nayo. Mimi niko mwaka wa pili uuguzi, tulilazimishwa kumaliza zote ndo tukaingia wodini.

#7 Chalii_Ngarenaro
Aisee. Miaka sita natembea nikijua niko salama, na mimi ndo nafunga vidonda vya wageni wakijikata na mawe kule juu, wakati mwingine hata glavu zimeisha. Asante dada, umeniokoa.

#8 Mama_Ndeshi
Marahaba mwanangu. Kapime wiki hii, na ukikuta huna uchanjwe.

#9 Mfamasia_Sakina
Salamu kutoka Arachuga (Arusha). Mwalimu nikuongezee vya kiufundi maana hapa ndo shule nyingi zinakwama.

Kwa ambae hajawahi kuchanjwa ratiba ni leo, baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi sita kutoka ile ya kwanza. Sasa chukua kalenda ya shule uweke juu yake. Ukianza Februari, ya pili Machi, ya tatu inaangukia Agosti, muhula wa pili umeshachangamka, wote wapo darasani. Ukianza Julai ya tatu inaangukia Januari. Wa kidato cha nne washaondoka, wengine wamehama, utatafuta watoto mpaka Himo. Kwahiyo kabla hujapanga tarehe ya dozi ya kwanza panga ya tatu. Narudia, panga ya TATU kwanza ndo urudi nyuma.

Akichelewa hairudiwi, unaendelea ulipoishia. Kisichoruhusiwa ni kuwahisha: kati ya ya kwanza na ya pili zisipungue wiki 4, ya pili na ya tatu wiki 8, na kutoka ya kwanza mpaka ya tatu wiki 16. Nasema hivi maana kuna shule huku kwetu walitaka zote tatu ziishe kabla ya likizo ya Juni.

Kingine ni kiasi cha dawa. Kuna chanjo ambayo mtengenezaji anasema kuanzia miaka 10 kwenda juu apewe dozi kamili, nyingine nusu dozi inaenda mpaka miaka 19. Usikariri, soma karatasi iliyo ndani ya boksi. Na inachomwa begani, sio kalioni, kalioni kuna mafuta mengi kinga inatoka dhaifu.

#10 Binti_Kibosho
Mfamasia, mbona mwalimu wetu darasani alituambia vijana wanaweza kupewa dozi mbili tu? Ingerahisisha sana shuleni.

#11 Mfamasia_Sakina
Ipo dada lakini sio kwa kila chanjo. Marekani kuna chanjo moja iliyoruhusiwa kwa miaka 11 mpaka 15, wanapewa kipimo cha mtu mzima mara mbili, ya pili baada ya miezi 4 mpaka 6. Ukichukua chupa nyingine yoyote ukafanya hivyo unakua umejitungia. Kwa mwalimu tatu ndo salama.

#12 Mangi_wa_Machame
Nyie mnaongelea virusi, mi naongelea nilichokiona. Mjomba wangu alikufa na ini 2013, tumbo limejaa maji, miguu imevimba, mikono imebaki mifupa. Wote tulisema ni mbege na gongo. Ila mdogo wake alikua mlokole, hajawahi kugusa kinywaji, na yeye akaenda kwa ugonjwa ule ule miaka mitatu baadae. Bibi akasema ni laana ya shamba. Mpaka leo ukoo haujakubaliana.

#13 Sombetini_Finest
Mangi pole. Hapo isije ikawa ni sumu kuvu, yale mahindi yaliyooza mnayotengenezea vitu vyenu. 2016 kule Dodoma na Manyara watu walikufa kwa ajili ya sumu kuvu.

#14 Mangi_wa_Machame
Mbege ni ndizi na ulezi ndugu yangu, mahindi yanatoka wapi. Njoo Machame uelekezwe.

#15 Mama_Ndeshi
Msigombane, vyote vinaweza kuwa kweli kwa mtu mmoja. Mwenye virusi B akila mahindi yenye sumu kuvu miaka mingi hatari ya saratani ya ini inazidishwa, na pombe inamalizia ini lililochoka tayari. Ila Mangi, ndugu wawili tumbo moja, mmoja mnywaji mmoja hanywi, mimi kwa uzoefu wangu ningemuuliza mama yao. Mtoto mchanga akiambukizwa na mama wakati wa kuzaliwa, tisa katika kumi wanabaki navyo maisha yote. Mtu mzima akiambukizwa, chini ya watano katika mia ndo vinabaki sugu, wengine mwili unavifukuza. Ndo maana ugonjwa wa utotoni unakuja kuua mtu ana miaka 45. Watoto wa hao marehemu wamepimwa?

#16 Mangi_wa_Machame
Hapana mama. Hatukuwahi hata kuwaza. Nitaliweka kwenye grupu la ukoo leo leo.

#17 Baba_Gift_Majengo
Swali langu #3 mmelikwepa wote. Mnajadili kalenda kama vile wazazi tumeshakubali.

#18 Mfamasia_Sakina
Hatujalikwepa kaka, samahani. Kuhusu wazungu, ndio wanachanja. Italia 1991 walitunga sheria kabisa, watoto wachanga na vijana wa miaka 12 wote wachanjwe kwa pamoja. Wakaendelea hivyo miaka 12, mpaka wale wachanga wa kwanza wakafika umri wa miaka 12 wenyewe wakiwa na chanjo, makundi mawili yakakutana, ndo wakaacha ya vijana wakabaki na ya wachanga. Marekani nao 1991 wakaanza kuwachanja wachanga wote, baadae wakaongeza vijana. Taiwan walianza 1984 na baada ya miaka saratani ya ini kwa watoto ikashuka sana, hiyo ni moja ya chanjo za kwanza kuonyesha kwamba zinazuia saratani.

Kuhusu kuzaa: ndani ya chupa hakuna kirusi kizima. Ni kipande cha ganda la nje tu, kinatengenezwa kwa kutumia hamira, haiwezi kukupa ugonjwa. Watoto wachanga wa kike wa Tanzania wanachomwa tangu 2002, waliozaliwa mwaka huo sasa hivi wana miaka 23, 24. Nenda wodi yoyote ya wazazi uangalie nani anajifungua.

#19 Baba_Gift_Majengo
Hiyo ya mwisho nimeielewa, sikuifikiria hivyo. Ila bado nasema mzazi aulizwe kwa karatasi. Ile ya wasichana mke wangu alisikia kwa mtoto mwenyewe jioni, tayari kashachomwa. Ndo hasira yangu ilipo.

#20 Mama_Ndeshi
Hapo Baba Gift una haki kabisa na mwalimu achukue hilo. Mkoa wetu wa Kilimanjaro tulitoa kwa majaribio chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana 2014, kabla haijaenda nchi nzima Aprili 2018. Nilikua kwenye timu. Tulichojifunza ni kwamba sindano ni rahisi, maneno ndo magumu. Shule ambayo mwalimu mkuu alikaa na wazazi, akaita mchungaji na shehe, tulimaliza saa tano asubuhi. Shule ambayo karatasi zilitumwa Ijumaa kwa kuchelewa, Jumatatu nusu ya darasa hawajaja shule.

Jingine, wasichomewe mbele ya foleni. Shule moja msichana alichungulia dirishani akaona sindano, akaanguka, hata hajachomwa. Dakika mbili hazijaisha wameanguka wengine saba, wanalia, wanasema hawaoni. Wazazi wakaja na bodaboda mbiombio, ikasemekana chanjo ina sumu. Ilikua ni hofu tu na njaa, hawakunywa hata chai. Kwahiyo wale kwanza, wachomewe wamekaa, mlango wa kuingilia tofauti na wa kutokea, na akishachomwa akae dakika 15 kivulini mtu anamwangalia. Bega litauma siku moja mbili, homa kidogo, hivyo mzazi aambiwe mapema.

#21 Mwl_wa_Rau
Naandika yote kwenye daftari, Mungu awabariki. Nauliza, hii mbona wavulana hawakuwemo kwenye ile ya 2014 na ya 2018, na hii nikiweka wote sitaleta maswali?

#22 Mama_Ndeshi
Ile ililenga mlango wa kizazi, wavulana hawana. Hii ini wote wanalo. Weka wote.

#23 Kinyozi_Kiborloni
Mimi ni kinyozi, nataka kusema kuhusu huyo kijana wa 2006. Watu wanalaumu ngono haraka sana. Nimefanya hii kazi miaka 14. Mashine ikipita kwenye kichwa chenye mapele inatoka na damu, nyembamba hata huioni, inakauka kwenye meno. Mwenzangu wa zamani alikua anapuliza na mdomo, anafuta na kitambaa kile kile, anaita anaefuata. Nikaja kuambiwa kwenye semina kwamba hiki kirusi kinakaa nje ya mwili siku saba bado kina nguvu. Siku saba! Nilirudi dukani nikawa naangalia zile mashine kama nyoka. Sasaivi wembe mpya kila mteja na kila mashine naivua meno naisafisha, foleni ikilalamika ilalamike. Wanafunzi wananyolewa kila Jumapili jioni kabla ya shule, wanapanga mstari. Amepata hapo.

#24 Binti_Kibosho
Au chale. Au jando, kisu kimoja vijana kumi.

#25 Mfamasia_Sakina
Au alichanjwa chanjo iliyokufa. Watu wanaogopa jua tu, wanasahau baridi. Hii chanjo inatunzwa nyuzi 2 mpaka 8, ikiganda imekufa na kuyeyuka hakuirudishi. Nilishashuhudia jamaa amekuja ofisini kwa watu na kikasha, chupa zimelala moja kwa moja juu ya vipande vya barafu vilivyotoka kwenye friza muda huo huo. Nikachukua chupa moja nikaitikisa, nikaisimamisha mezani pembeni ya ambayo najua haijaganda, nazo nikazitikisa pamoja. Ile nzima ilibaki na ukungu mweupe laini. Yake baada ya dakika chache imeshuka chini kama unga, juu maji matupu, na ukiikaribia unaona vipande vinaelea. Watu 30 walikua wameshachomwa na wamelipa.

Kwahiyo mwalimu, asije mtu na begi lake. Barua iende kwa Mganga Mkuu wa halmashauri yako na nakala kwa afisa elimu, uombe mratibu wa chanjo wa wilaya awe ndani tangu mwanzo. Yeye anajua jokofu liko wapi, sindano zikitumika zinaenda kuchomwa wapi, na dawa ya mzio wa ghafla nani anaibeba. Hilo la mzio ni nadra mno ila lazima iwepo.

#26 Mama_Ndeshi
Mimi bado nasema mama yake. Hata kama alichomwa, ya kwanza ilikuja wiki kadhaa baada ya kuzaliwa, na kama mama alikua navyo hizo wiki ni nyingi mno, kirusi kishaingia. Ndo maana tangu 2009 Shirika la Afya Duniani linataka mtoto apate dozi ya kwanza ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, popote duniani. Mwalimu, mama yake kapimwa?

#27 Mwl_wa_Rau
Mama yake alifariki kijana yuko darasa la pili. Kalelewa na bibi huko Uru. Kadi ya kliniki haipo, bibi anasema kulikua na sanduku lilipata maji ya mvua wakatupa kila kitu. Ana kovu la BCG begani, hiyo tu. Na ndio, ananyolewa Kiborloni.

#28 Sombetini_Finest
Kovu la BCG ni la kifua kikuu halikuambii kitu kuhusu penta. Basi mwalimu narudisha nusu ya maneno yangu ya #2. Nusu tu. Nguvu kubwa ingeenda kwa wajawazito na wachanga, sio huku. Italia wenyewe mmesema waliacha ya vijana makundi yalipokutana. Sisi yameshakutana.

#29 Mfamasia_Sakina
Yamekutana kwenye karatasi kaka. Italia walikua na uhakika nani kachanjwa.

#30 Dada_Njiro
Sijawahi kuandika humu, nasomaga tu. Mimi ninavyo. Niligundulika nikiwa na ujauzito wa pili. Nataka kusema kuhusu kuwapima watoto shuleni kabla ya kuchanja, maana naona mwalimu aliuliza na hamjalijibu.

Niliambiwa majibu koridoni, watu wanapita. Nesi alisema kwa sauti ya kawaida tu, hakuwa na ubaya, lakini nilivyofika nyumbani wifi yangu alishajua. Nilitengewa kikombe. Kikombe chekundu cha plastiki, kwenye ndoano yake peke yake. Na hiki kirusi hakiambukizwi kwa kikombe wala sahani wala kukumbatiana, ni damu, ngono, na mama kwa mtoto. Nililitazama lile kombe miaka miwili. Sasa mnifikirie mtoto wa miaka 14 bwenini.

Mwalimu usiwapime shuleni. Chanja tu. Aliekwisha kuwa navyo chanjo haimsaidii lakini haimdhuru.

Na kwa kijana wako, mwambie hafi. Mimi mwaka wa tisa huu, napimwa kila miezi sita, ini liko vizuri, sijaanza hata dawa, sio kila mtu anahitaji. Wanaohitaji wanameza kidonge kimoja kwa siku. Mtoto wangu wa mwisho alichomwa ndani ya saa 24 kwa sababu niliulizia mapema nikiwa na mimba ya miezi saba, amepimwa, hana. Mume alichanjwa, hana.

#31 Mwl_wa_Rau
Dada asante sana. Nimemsomea kijana kwa simu aya yako ya mwisho. Alinyamaza kama dakika nzima, akaniomba nirudie.

#32 Binti_Kibosho
Dada pole na hongera kwa kusema. Ila naomba nipingane kidogo kwa heshima. Tusipopima wale wenye navyo watajua lini? Watajua kama huyu, siku ya kuchangia damu, au kama mjomba wa Mangi. 2022 walikadiriwa watu milioni 254 duniani wanaishi navyo na wengi hawajui. Kipimo ni tone la damu kidoleni na dakika 15. Tunakosa nafasi.

#33 Dada_Njiro
Wapimwe mdogo wangu, sijakataa. Ila kliniki, na mzazi, mlango umefungwa. Sio dawati la darasani ambapo anaeitwa mara ya pili wote wanajua.

#34 Mama_Ndeshi
Wote mna hoja na hata sisi wa zamani tulibishana hivi hivi. Mimi ningechanja bila kupima, kisha barua moja kwa wazazi WOTE, sio kwa wachache, inayosema kipimo kinapatikana wapi na kwamba kama kuna mtu ameugua ini kwenye familia waende mapema. Ila Binti hajakosea, kuna watoto tutawakosa kwa njia yangu.

#35 Kinyozi_Kiborloni
Na vinyozi mtuite kwenye kikao jamani

#36 Baba_Gift_Majengo
Mwalimu mimi niko darasa A, mtoto wangu Gift. Nimeenda kuchimbua sanduku la mama yake jana usiku. Kadi ipo, imetafunwa na panya pembeni lakini inasomeka. Penta 1 ipo, penta 2 ipo, ya tatu kuna tarehe ya kurudi imeandikwa kwa penseli na hapana muhuri. Mke wangu anakumbuka, ndo mwezi tuliofiwa na baba mkwe tukaenda Rombo wiki tatu. Yani miaka kumi na tatu nilijua amemaliza.

#37 Mama_Ndeshi
Dozi moja tu, Baba Gift. Haanzi upya.

#38 Mwl_wa_Rau
Wakuu mrejesho. Leo nimejaribu mkondo A peke yake, wanafunzi 46. Kadi zimeletwa 19. Kwenye hizo 19 zilizokamilika ni 16, mbili hazina penta 3, na moja imeloa haisomeki. Waliobaki 27 wengi wazazi wanasema "alichanjwa huyo, nakumbuka alilia". Nimetengeneza daftari, jina, tarehe ya kuzaliwa, kadi ipo au haipo, kinachokosekana, na nafasi tatu za kujaza tarehe. Nakala moja shuleni moja kituo cha afya, maana Agosti mimi naweza kuwa nimehamishwa. Barua kwa Mganga Mkuu imeenda leo mchana kwa mkono.

Mfamasia, hawa 27 wenye "alilia", nawahesabu wamechanjwa au hawajachanjwa?

#39 Mfamasia_Sakina
Hawajachanjwa. Bila maandishi unamhesabu hana, anapewa zote tatu. Akiwa kweli alichomwa utotoni kuzidisha hakumdhuru.

#40 Sombetini_Finest
Kumi na tisa kati ya arobaini na sita. Mwalimu nimenyamaza.

#41 Chalii_Ngarenaro
Mi nimepima jana, sina. Nimechomwa ya kwanza leo, bega linauma kinoma. Nimewabeba wagumu (wapagazi) wanne wa kampuni wakachomwa pia, tarehe ya pili tumeiandika kwenye mlango wa stoo pale tunapochukulia mahema.

#42 Mwl_wa_Rau
Safi sana chalii. Mama Ndeshi shikamoo, ile karatasi ya ridhaa mliyotumia 2014 unayo bado? Nataka niibadilishe iwe ya ini, wazazi waipate Jumatano, sio Ijumaa.

#43 Mama_Ndeshi
Marahaba mwalimu. Ninayo moja kwenye faili kabatini, mjukuu akirudi shule atanipigia picha nikutumie inboksi. Ila mstari wa mwisho uufute, umeandikwa "mtoto wa kike".